Oprah Alivyoondolewa Kwenye Kiti cha Habari

Kila ninapoanza darasa jipya la watangazaji hapa Dar es Salaam huwauliza wanafunzi: Oprah Winfrey, yule mtangazaji wa runinga wa Marekani, aliondolewa kwenye kiti cha habari wapi? Hutazamana. Utajiri wake wanaujua, lakini mji wa Baltimore hawaujui.

Alizaliwa 1954 Kosciusko, Mississippi, akapewa jina la Orpah, yule Orpa wa Kitabu cha Ruthu. Watu wakalikosea kulitamka mpaka likawa Oprah. Bibi yake, Hattie Mae, alimlea shambani akimvalisha magauni ya magunia ya viazi, na akamfundisha kusoma angali mdogo mno. Kanisani mtoto alisimamishwa mbele ya watu wazima aghani mistari ya Biblia. Hapo ndipo mimi huhesabu mwanzo wa kazi yake. Hata wanafunzi wangu wenye sauti nzuri, ukiwachimba utakuta wengi wamepitia kaswida madrasani au kwaya.

Yaliyofuata ni mazito. Alihamia kwa mama yake Milwaukee, na tangu ana miaka 9 akadhulumiwa kingono na jamaa na watu wa karibu. Akiwa na miaka 14 alijifungua mtoto njiti, ambaye hakuishi. Akapelekwa Nashville kwa Vernon Winfrey, kinyozi, baba mkali: kila wiki kitabu kimoja, na aandike alichokisoma. Redio ya WVOL ilimchukua angali sekondari, kisha runinga ya mji huohuo.

Mwaka 1976 akaenda kituo cha WJZ, Baltimore, kusoma habari za jioni pamoja na Jerry Turner, mkongwe aliyependwa mjini. Haikupita hata miezi tisa, akaondolewa kitini.

Kosa lilikuwa nini? Msomaji wa habari hutaja waliokufa kwenye ajali ya moto, anavuta pumzi, anaingia michezo. Uso hautakiwi kusema lolote. Oprah hakuweza. Akienda eneo la tukio akawaona waliounguliwa, yanamwingia, na mtazamaji anaona. Kwa kiti kile hilo ni kosa kweli, nami ningemtoa.

Agosti 1978 wakamsogeza kwenye kipindi cha mazungumzo cha asubuhi, People Are Talking, akiwa na Richard Sher. Ilionekana kama kutupwa jalalani. Kumbe kule kuguswa ndiyo kazi yenyewe ya kipindi cha namna hiyo. Mgeni akisita katikati ya sentensi, mtangazaji mchanga humrushia swali la pili, maana kimya kinamtisha. Darasani huwaruhusu waje na maswali kumi kwenye karatasi, na baada ya swali la tatu naichukua karatasi. Wengine hutokwa jasho. Wachache huanza, kwa mara ya kwanza, kumsikiliza aliyekaa mbele yao.

Januari 1984 alikabidhiwa AM Chicago, kipindi cha nusu saa kilichokuwa kinaburuza mkia. Ndani ya mwezi mmoja kikakipita kwa watazamaji kile cha Phil Donahue, aliyewazoesha Wamarekani kuona kipaza sauti kikipelekwa kwa hadhira. Tarehe 8 Septemba 1986 kipindi cha Oprah kikaanza kuonekana nchi nzima, na mwaka huohuo akayasema hewani aliyotendewa utotoni.

Sehemu ninayoipenda zaidi haina machozi. Kule Marekani kipindi huweza kuuzwa kwa kituo kimoja kimoja, kila kimoja kikilipia haki ya kukirusha. Aliyeajiriwa hupata mshahara, na mwenye kipindi hupata fungu kwenye kila mauzo. Mwaka 1988 Oprah, kupitia kampuni yake Harpo (soma jina lake kinyumenyume), akakichukua kipindi kiwe mali yake. Kikaendelea hadi Mei 2011.

Vijana wetu wakiitwa kusaini mkataba huuliza mshahara na nauli. Siwacheki. Mimi nilisaini bila kusoma ukurasa wa pili, na nilipoacha kazi, kipindi nilichokibuni kiliendelea kurushwa kwa jina nililokipa mwenyewe, nami nakitazama sebuleni.