Nehalennia: mawe yanasema nini, na watu wanasema nini

Aprili 1970 mvuvi mmoja wa Uholanzi alivuta wavu wake katika maji ya Oosterschelde, karibu na kijiji cha Colijnsplaat, akakuta vipande vya mawe yaliyochongwa. Vilikuwa vya madhabahu za Nehalennia, mungu wa kike aliyeabudiwa pande hizo zama za Warumi. Zaidi ya mia zimeshaopolewa hapo, na uvumi juu yake hauhesabiki.

"Hekalu lake lilikuwa baharini."

Lilikuwa nchi kavu, penye bandari. Bahari ndiyo iliyokula ufuko. Hata mawe ya kwanza, yale ya kijiji cha pwani cha Domburg, yalionekana Januari 1647 baada ya dhoruba kufukua mchanga wa pwani. Yakawekwa kanisani, na mwaka 1848 kanisa likapigwa radi, likaungua, mengi yakaharibika. Yalivumilia mchanga na chumvi karne 14, yakashindwa na radi moja.

"Yale mawe ni maombi."

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mengi yanaishia na herufi nne za Kilatini, V S L M, yaani: ameondoa nadhiri yake, kwa hiari na kwa haki. Mfanyabiashara aliahidi kabla ya kung'oa nanga: shehena ikifika salama, nitakusimamishia jiwe. Ikifika, analipa. Basi jiwe ni stakabadhi ya deni lililokwisha kulipwa. Na kama ni stakabadhi, usishangae kutoona jiwe la mwenye kulalamika. Waliozama hawakurudi kulipa.

Wengine walitaja na sababu. Marcus Secundinius Silvanus, mwuza vyombo vya udongo katika njia ya Britania (Uingereza ya leo), aliandika kwamba anatoa jiwe kwa kuwa bidhaa zake zilihifadhiwa vyema. Ukishapakia mabakuli ya udongo kwenye chombo kinachovuka bahari ile, maneno hayo hayahitaji kuelezwa.

"Alikuwa mungu wa washamba wa kijijini."

Wa mahali hapo, ndiyo: karibu mawe yake yote yametoka sehemu hizo mbili, Colijnsplaat na Domburg, za jimbo la Zeeland huko Uholanzi. Lakini waliomlipa walitoka mbali. Yupo Exgingius Agricola, mtu wa Trier aliyeuza chumvi Cologne, miji ya Ujerumani ya leo. Wapo wauza mchuzi wa samaki. Yupo Placidus mwana wa Viducus, wa kabila la pande za Rouen, Ufaransa ya leo, aliyefanya biashara na Britania. Huko York, Uingereza, kuna jiwe la mwaka 221 la Placidus mfanyabiashara wa njia hiyohiyo, wa kabila hilohilo, na wataalamu wengi wanaona ni mtu yuleyule. Mawe ya Zeeland yenye tarehe ni ya kati ya mwaka 188 na 227, kwa hiyo wakati wao unalingana.

"Jina lake maana yake inajulikana."

Haijulikani. Kila mwenye kamusi ana lake, na wasomi hawajakubaliana. Karne ya 19 kilizuka hata kitabu cha kughushi kilichomfanya mwanamke mwenye hekima wa Wafrisia wa kale, na hadi leo wapo wanaokinukuu.

"Ana mbwa, basi ni mungu wa kuzimu."

Hoja hii inatoka kwa Wagiriki na mbwa wao mlinda mlango wa wafu. Afadhali kulitazama jiwe lenyewe. Nehalennia ameketi, kajifunga kijoho kifupi mabegani, kando yake kikapu cha matunda yanayofanana na matofaa. Katika mawe mengine anasimama, mguu mmoja juu ya omo ya chombo. Mbwa amekaa miguuni pake, katulia, kainua uso kumtazama, kama mbwa yeyote anayengoja mwenye nyumba amtupie kitu. Na maandishi yaliyo chini yake yanataja chumvi, vyombo vya udongo, Britania na nadhiri. Kuzimu hakutajwi.