Mzee anatetemeka, kijana ana arosto: maswali na majibu kuhusu ubongo

Swali: Daktari, tunaishi na baba Mbagala. Mkono wake wa kulia unatetemeka akiwa ameulaza tu pajani. Akinyanyua kikombe, unatulia. Majirani wanasema karogwa.

Jibu: Pole sana. Hajarogwa. Kutetemeka kuna sababu nyingi, lakini huko kwa mkono uliopumzika kunatutia shaka ya ugonjwa wa Parkinson. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali ya dopamini, inayosaidia mwili kuanza kutembea na kujongea bila kukwama. Seli hizo zikifa, hatua zinafupika, mwandiko unakuwa mdogo, kufunga vifungo vya shati kunakuwa kazi. Mpeleke hospitali mapema. Dawa ya levodopa haiponyi, ila humrudishia mgonjwa mwendo.

Swali: Mwanangu anatumia unga. Kila siku anaapa ataacha, haachi. Ni ukaidi?

Jibu: Hapana, mama. Dopamini hiyohiyo, kwa njia nyingine ya ubongo, ndiyo inayoufundisha ubongo jambo gani lirudiwe. Heroini huichochea kupita kiasi, na ubongo unajifunza kuutaka unga kuliko chakula. Baadaye hata raha haipo. Kijana anaikimbia arosto, yaani mateso ya kukosa unga: miayo, makamasi, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Kumwambia "jikaze tu" ni kumwonea, nalisema hili kwa uchungu. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke wakafuata. Anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anaweza kurudi kazini. Nenda naye.

Swali: Kwa hiyo magonjwa haya mawili yana uhusiano?

Jibu: Ndiyo, na dawa zenyewe zimetuonyesha. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson wanaopewa dawa zinazoiga dopamini, kama pramipeksoli, huanza kucheza kamari bila kujizuia. Mzee ambaye hakuwahi kubeti anakesha na simu akiweka mikeka. Ukiona hivyo, mwambie daktari wake haraka, wala usimkatishe dawa ghafla. Mara nyingi dozi ikipunguzwa, hamu hiyo hupungua.

Swali: Nasikia kuna waya unaowekwa ubongoni?

Jibu: Upo. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, daktari wa upasuaji wa ubongo Alim-Louis Benabid na wenzake waliona kuwa umeme wa kasi kwenye eneo maalumu la ubongo unatuliza kutetemeka. Leo ni tiba ya Parkinson kwa wagonjwa waliochaguliwa. Kwa uraibu bado ni utafiti, kwa hiyo anayekuuzia kama tiba ya unga, usimpe hela yako.