Bunduki za jeshi zilizo tamu kupiga, na chumvi ya Lamu

Bunduki nzuri ya kazi na bunduki tamu kupiga si lazima ziwe moja. G3, bunduki ya Kijerumani, imebebwa Kenya miaka na miaka na haina aibu kazini, lakini uwanja wa shabaha mimi nitachagua Lee-Enfield Na. 4 ya .303, ile ambayo kwetu wengi huijua kwa jina la Mark 4. Sababu zake zinapimika kwa rula na mizani.

Neno la sheria kwanza, tulimalize. Uwindaji Kenya ulifungwa mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haichezewi. Haya nawaandikia askari wa akiba, walinzi wa wanyamapori na wenye leseni wanaopiga shabaha chini ya msimamizi.

Mwili wako hukutana na bunduki mahali pane: bega, shavu, jicho na kidole. Mahali pamoja pakikosewa, hata mtutu mpya haukusaidii.

Nianze na jicho. Kilengeo cha nyuma cha Na. 4 ni tundu, na kimekaa nyuma kabisa, karibu na uso. Jicho lenyewe hutafuta katikati ya tundu bila kuamriwa, kwa hiyo akili yako yote inabaki kwenye kilengeo cha mbele. Kutoka tundu hilo hadi kilengeo cha mbele ni kama milimita 730. Sasa fanya hesabu: ukikosea kupanga kwa milimita 1 tu, risasi itapotoka sentimita 14 hivi kwa mita 100. Kwenye G3 umbali huo ni milimita 572, na kosa lilelile linakuwa sentimita 17 na nusu. Kwenye AKM, ya ukoo wa AK-47, ni milimita 378, na kosa linafika sentimita 26. Watu huilaumu AK kwamba mtutu wake haulengi, kumbe sehemu kubwa ya lawama ni ya vilengeo vifupi na mwanya wazi uliowekwa mbali na jicho.

Bega na shavu navyo vilifikiriwa. Kitako cha Na. 4 kilitengenezwa kwa urefu tofauti, na alama imegongwa kwenye mti: L ni kirefu, N cha kawaida, S kifupi, na B kifupi zaidi. Tofauti kati ya kimoja na kingine ni nusu inchi. Mtu mfupi akipewa L hunyoosha shingo, shavu likaelea, na kila risasi ikaenda kwake. Kupima ni rahisi: hakikisha bunduki haina kitu, weka kitako ndani ya kiwiko kilichokunjwa pembe mraba, kidole kwenye triga. Kidole kikifika kwa ncha tu, kitako ni kirefu kwako.

Triga ina hatua mbili. Ya kwanza huvutwa kwa ratili (pauni) 3 hadi 4, kisha unagonga ukuta. Ya pili ni ratili 5 hadi 6 na nusu. Kwa maneno, uzito huo unatisha. Kidoleni unajua hasa mahali risasi itakapotoka, na hapo ndipo utamu ulipo.

Bolti, yaani komeo linaloifunga risasi ndani, huinuliwa digrii 60 tu, wakati Mauser 98 ya Kijerumani inataka 90. Tena springi hukazwa unaposukuma bolti mbele, kwa hiyo kuifungua ni kwepesi. Kabla ya 1914 askari wa Uingereza walitakiwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja kwa yadi 300, na ni mwendo huu wa bolti uliowawezesha. Magazini hubeba risasi 10, na hapa ndipo wageni hukwama. Ganda la .303 lina ukingo uliojitokeza kitakoni. Unapojaza kwa mkono, ukingo wa kila risasi mpya ukae mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, risasi ya juu inaivuta ya chini, bolti inagoma, na mtu anaanza kuipiga ngumi. Usiipige. Toa magazini, ijaze upya.

Sasa Lamu yetu. Kila mwenye nyumba ya mji anaujua mlango unaofunga vizuri Januari na kugoma Mei. Mti wa bunduki ni mti vilevile. Na. 4 inataka mti wa mbele uusukume mtutu juu, karibu na mdomo, kwa nguvu ya ratili 2 hadi 7. Mimi napenda 3 hadi 5. Masika yakiuvimbisha mti, nguvu hiyo hubadilika na kundi la risasi huhama, mara juu, mara pembeni, bila mpigaji kukosea lolote. Funga kamba mtutuni karibu na mdomo, uining'inize mizani ya springi, kisha vuta taratibu mpaka mtutu uanze kuachana na mti. Ukisoma sifuri, huo ndio ugonjwa. Kabla hujafika huko, kaza skrubu kubwa ya mbele ya kinga ya triga, maana nusu ya bunduki zinazodhaniwa zimechoka zimelegea hapo tu.

Kuna jambo wengi hawalijui: kwenye Na. 4 Mk I, yaani toleo la kwanza, triga imeshikwa na kinga yake, na kinga imeshikwa na mti. Mti ukivimba, hata uzito wa triga hubadilika. Mk 2, iliyokuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, triga yake imetundikwa kwenye chuma chenyewe. Kwa hewa ya Pwani, ukipata nafasi ya kuchagua, chagua Mk 2.

Kurekebisha shabaha, kumbuka kwamba kilengeo cha mbele hufuata kosa. Risasi zikienda kushoto, kisukume kushoto. Zikienda chini, weka kilicho kifupi. Vilengeo vya mbele vilitengenezwa kwa ngazi za inchi 0.015, na kila ngazi huhamisha risasi sentimita 5 hivi kwa mita 100. Piga risasi 5 kabla ya kugusa chochote. Risasi moja haisemi kitu. Tena usirekebishe siku ya kusi kali. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa huipeleka risasi ya .303 zaidi ya sentimita 20 kwa mita 300, na upepo huo kwetu ni wa kawaida tu.

Nafasi ya bolti, yaani mwanya unaobaki mbele ya uso wake ikiwa imefungwa, hupimwa kwa vipimo maalumu: bolti ifunge juu ya kipimo cha inchi 0.064, isifunge juu ya kile cha 0.074. Ikizidi, hubadilishwa kichwa cha bolti; vina namba 0 hadi 3. Kazi ya fundi hii, usibahatishe, na usihamishe bolti ya bunduki moja kwenda nyingine. Namba zilizogongwa zifanane.

G3 ni mnyama mwingine. Ni ya milimita 7.62, magazini ya risasi 20, kilo 4.4 hivi ikiwa tupu. Haina bomba la gesi. Bolti hucheleweshwa na roli mbili, vipande vya chuma vya mviringo, na chemba, yaani mahali risasi inapokaa, imechorwa mifereji ili gesi ilisaidie ganda kutoka. Ndiyo maana maganda yake hutoka meusi yenye mistari, yakaruka mbali kama yamefukuzwa. Teke lake ni kali kuliko risasi yenyewe inavyostahili, kwa sababu kizigo kizima cha bolti hukimbia nyuma na kugonga. Triga ni ndefu na nzito. Bolti haibaki nyuma risasi zikiisha, kwa hiyo unagundua umeishiwa kwa kusikia "ka". Sipendi hilo hata kidogo.

Makosa ya G3 ninayoyaona zaidi ni mawili. La kwanza ni gurudumu la kilengeo: 1 ni mwanya wa V, na 2, 3 na 4 ni matundu ya mita 200, 300 na 400. Mtu akiacha 4 akapiga shabaha ya mita 100, risasi hupita yapata sentimita 30 juu, naye huapa bunduki imeharibika. La pili ni mifereji ya chemba kuziba masizi: ganda hushika, ukingo wake hung'oka. Mdeki na kitambaa havifiki humo. Unataka brashi ya chemba. Ukiwa na vipimo vya fundi, pima pia mwanya kati ya kichwa cha bolti na kibebeo chake, bunduki ikiwa tupu na nyundo imeshuka: uwe milimita 0.1 hadi 0.5. Ukishuka chini ya 0.1, roli zimechakaa, zibadilishwe kwa kubwa zaidi.

FAL, bunduki ya Ubelgiji, naiweka kati ya hizi mbili. Ni ya 7.62 kama G3, lakini inasukuma badala ya kupiga, kwa sababu gesi yake unaipunguza au kuiongeza. Weka risasi moja moja kwenye magazini, fungua gesi, kisha funga ngazi moja moja mpaka bolti ianze kubaki nyuma kila mara. Ongeza ngazi mbili, basi. Ya Sweden, Mauser ya 1896 ya milimita 6.5, ndiyo laini kuliko zote kwa bega. Mtoto wa chuo angeipiga siku nzima. Ni ndefu tu kama upondo.

Kuosha. Risasi nyingi za zamani za .303 zina fataki zinazoacha chumvi mtutuni, na chumvi hiyo hunywa unyevu wa hewa. Mafuta hayaiyeyushi. Mafuta ya taa hayaiyeyushi. Mafuta ya nazi yaache kwa nywele. Chumvi huyeyushwa na maji. Toa bolti, elekeza mdomo chini, tia rakuli chembani, mimina lita moja ya maji yanayochemka. Yawe ya mvua, ya jabia. Ya kisima chetu yana chumvi yake tayari. Yakiwa ya moto kweli, chuma hupata joto na kujikausha. Pitisha vitambaa vya sentimita 10 kwa 5 mpaka kimoja kitoke kikavu na cheupe, ndipo upake mafuta ya bunduki, membamba. Kesho yake pitisha kitambaa kikavu kingine. Kikitoka na rangi ya kahawa, weka sufuria jikoni tena.