Uzi wa sauti wa Ermonela Jaho

Wanafunzi wa sauti ya kwanza wanaokuja kwangu karibu wote huwa na ombi moja: wanataka noti za juu, na wanazitaka kwa nguvu. Kabla ya zoezi lolote huwa nawawekea rekodi ya Ermonela Jaho, soprano (mwimbaji wa sauti ya kwanza) kutoka Albania, akiimba "Senza mamma" ya Puccini, mtunzi wa opera wa Italia. Wimbo huo unaishia kwenye noti iitwayo A ya juu. Jaho anaigusa kwa upole mno, anaishikilia, kisha anaipunguza kidogo kidogo hadi msikilizaji hajui imekoma saa ngapi. Basi chumba kizima hunyamaza, na hapo ndipo tunaanza kazi.

Wengi hudhani kuimba kwa upole kwa sauti ndogo ni kupunguza hewa tu, kama mtu anayefunga bomba. Ukipunguza hewa bila kufanya jambo jingine, nyuzi za sauti hazikutani vizuri, pumzi inavuja katikati yake, na kinachotoka ni mnong'ono usiofika hata safu ya tatu. A ile ya juu ni mitetemo 880 kwa sekunde, maana yake nyuzi mbili ndogo zilizomo kooni zinakutana na kuachana mara 880 kabla hujahesabu moja. Ili zifanye hivyo bila kishindo, lazima zivutwe ziwe nyembamba na zigusane kwa kingo tu, huku mbavu zikibaki zimetanuka na kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kikipanda taratibu sana. Mfano ninaoutumia darasani ni wa kuteremsha ndoo kisimani. Anayeiachia kamba hachoki, ila ndoo inaanguka. Anayeiteremsha hatua kwa hatua ndiye mikono inayomuuma. Kwa hiyo kadiri sauti inavyopungua, ndivyo mwili unavyofanya kazi zaidi, na sijaona jambo gumu kuliko hilo kumwaminisha kijana aliyelelewa kwenye kwaya ya "toa sauti, toa sauti!"

Swali la pili ni jinsi noti hiyo inavyomfikia aliyeketi juu kabisa. Royal Opera House ya London ina viti zaidi ya 2,200, na opera haiimbwi kwa kipaza sauti. Soprano anapopanda huteremsha taya, akaupa mdomo na koo umbo ambalo hewa iliyomo ndani inavuma pamoja na noti yenyewe. Mvumo huo humpa sauti bila kumwongezea jasho, japo gharama yake ni matamshi: irabu zote huanza kufanana, ndiyo maana maneno ya soprano hupotea huko juu. Wanaomlaumu mwimbaji kwa hilo wanamwonea.

Jaho alizaliwa Tirana mwaka 1974, Albania ikiwa bado chini ya utawala wa dikteta Enver Hoxha. Alikuwa na miaka 14 alipoiona opera kwa mara ya kwanza. Ilikuwa La traviata ya Verdi, ikiimbwa Kialbania, na akamwambia kaka yake kwamba hatakufa kabla ya kuimba opera ile walau mara moja. Baadaye Katia Ricciarelli, soprano mashuhuri wa Italia, alimchagua kwenda kusoma katika mji wa Mantova, Italia. Kutoka hapo akaingia chuo cha muziki cha Santa Cecilia mjini Roma, akasoma kwa Valerio Paperi. Alishinda mashindano kadhaa, akapanda jukwaa moja baada ya jingine, lakini jina lake halikuwa kubwa kwa miaka mingi. Naona muda huo ulimfaa. Sauti nyepesi kama yake ikisukumwa mapema kwenye nyimbo nzito huanza kuyumba kabla mwenye nayo hajafika miaka 40.

Kisha zikaja nafasi mbili za kuziba pengo. Januari 2008 soprano Anna Netrebko aliugua, na Jaho akaitwa Royal Opera House ya London kumwimba Violetta, mhusika mkuu wa La traviata. Mwaka 2011, kwenye jukwaa hilohilo, soprano Anja Harteros alijitoa, Jaho akaimba Suor Angelica, opera ya Puccini yenye ule wimbo "Senza mamma", Antonio Pappano akiongoza okestra. Huo ndio usiku uliobadilisha kila kitu kwake. Angelica ni mtawa aliyefungiwa konventi kwa sababu alizaa nje ya ndoa. Shangazi yake anakuja baada ya miaka saba na kumwambia kwamba mtoto alikwisha kufa. Hapo ndipo inapoanza "Senza mamma", na hapo pana mtego mbaya: kilio cha kweli hupandisha zoloto, kisanduku cha sauti kilichomo kooni, na kukaza koo, na koo lililokazwa haliwezi kutoa A laini. Itazame video ya onyesho hilo. Mabega yanalia, mikono inalia, uso umeharibika kabisa, na koo limebaki wazi. Sijui mazoezi mangapi yamo ndani ya sekunde zile, najua tu kwamba hayapatikani kwa kipaji peke yake.

Wapo wanaosema sauti yake ni ndogo kwa Madama Butterfly, opera nyingine ya Puccini, aliyoiimba London mwaka 2017. Kweli, sehemu ya chini ya sauti yake si nzito. Lakini Rosina Storchio, aliyekuwa Butterfly wa kwanza kabisa katika jumba la opera la La Scala, Milano, mwaka 1904, naye hakuwa mwimbaji wa sauti nzito. Jaho alimtolea albamu nzima mwaka 2020, Anima Rara, na ukiisikiliza utaona kwamba nyimbo zile zinakubali sauti nyepesi yenye ukali wa hisia.

Violetta amemwimba zaidi ya mara 300. Katika tendo la tatu Violetta yuko kitandani, kifua kikuu kimemmaliza, anaimba "Addio del passato". Mwishoni Verdi ameweka A ileile ya mitetemo 880, na juu yake ameandika kwa Kiitaliano: un fil di voce, uzi wa sauti. Wengi huiimba kwa sauti ya wastani ili wawe salama, nami siwalaumu. Jaho huuimba uzi wenyewe, mwembamba, haukatiki.