Adenokasinoma: saratani ya mapafu inayowapata hata wasiovuta sigara

Majibu ya hospitali yameandikwa "adenokasinoma ya mapafu". Ndiyo nini hiyo?

Ni saratani ya mapafu, na kati ya aina zake zote ndiyo inayoonekana zaidi. Madaktari huzigawa saratani za mapafu katika makundi mawili makubwa: za seli ndogo, na zisizo za seli ndogo. Kundi hili la pili lina takriban asilimia 85 ya wagonjwa, na adenokasinoma imo humo.

Huanzia kwenye seli zinazotengeneza ute, mara nyingi pembezoni mwa pafu, mbali na njia kuu za hewa. Kwa sababu hiyo uvimbe unaweza kukua muda mrefu kabla mgonjwa hajakohoa hata mara moja. Wengi hugunduliwa wakati ugonjwa umeshasambaa, na si kwamba walizembea.

Sijawahi kugusa sigara. Imenipataje?

Sigara ndiyo kisababishi kikuu cha saratani ya mapafu, hilo halina ubishi. Lakini asiyevuta akipata saratani ya mapafu, mara nyingi huwa ni hii. Moshi wa sigara za wengine unachangia. Ipo pia radoni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayotoka ardhini na kujikusanya ndani ya majengo. Kuna vumbi la asbesto (madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye mabati na vifaa vya ujenzi), moshi wa injini za dizeli, na moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa ndani ya nyumba. Mwaka 2013, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka hewa chafu ya nje kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Na wapo wagonjwa ambao chanzo chao hakipatikani kabisa.

Naye aliyevuta asisimangwe. Nikotini humshika mtu, mara nyingi tangu ujanani, na mgonjwa anayeogopa lawama huchelewa kwenda kupimwa.

Dalili zake ni zipi?

Kikohozi kisichokoma kwa wiki tatu au zaidi, au kikohozi cha siku zote kilichobadilika. Makohozi yenye damu, hata kama ni michirizi tu. Kuishiwa pumzi, maumivu ya kifua, sauti kukwaruza, kupungua uzito bila sababu, uchovu, na nimonia inayorudi palepale. Ikishasambaa, inaweza kuleta maumivu ya mifupa au kichwa.

Dalili hizi nyingi ni za kifua kikuu pia. Ndiyo maana wapo wanaoanzishiwa dawa za kifua kikuu ilhali tatizo ni jingine. Kama umetumia dawa ipasavyo na hupati nafuu, rudi, uliza kwa heshima lakini bila woga: "Je, inaweza kuwa kitu kingine?"

Inathibitishwaje?

Eksirei huonyesha kivuli, na sitiskani (CT scan, picha za kina za ndani ya mwili) huonyesha kilipo na ukubwa wake. Lakini picha peke yake haitoshi. Lazima kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kichukuliwe na kuangaliwa kwa hadubini, ama kwa sindano kupitia kifuani, ama kwa mrija wenye kamera unaoingizwa kwenye njia ya hewa. Kifua kikiwa kimejaa maji, hayo nayo hupimwa. Kuchukua kinyama huwatisha wengi wakidhani saratani "itachokozwa" isambae. Hatari hiyo ni ndogo sana, na bila kinyama daktari hawezi kuchagua tiba kwa uhakika.

Matibabu yapo?

Yapo, na hutegemea hatua ya ugonjwa. Ikiwa bado ndogo na haijatoka kwenye pafu, upasuaji wa kuondoa sehemu yenye uvimbe unaweza kuiponya kabisa. Asiyeweza kupasuliwa anaweza kupewa mionzi. Ikishafika mbali, tibakemia (dawa za kuua seli za saratani), mionzi na dawa nyingine hulenga kuizuia, kupunguza maumivu na kurefusha maisha.

Hapa kuna jambo ningependa kila familia ilijue. Kinyama kilekile kinaweza kupimwa jeni, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya seli. Baadhi ya adenokasinoma huendeshwa na hitilafu katika jeni moja, kama EGFR au ALK, na zipo dawa zinazolenga hitilafu hiyo hasa. Osimertinib, kwa mfano, ni kidonge kinachomezwa kila siku, kwa wenye hitilafu ya EGFR, ambayo huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara. Wengine hufaidika na dawa zinazouamsha mfumo wa kinga ya mwili uishambulie saratani. Wagunduzi wa msingi wa tiba hiyo, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Basi kabla ya kuanza tiba, uliza: "Jeni zimepimwa?"

Inaambukiza?

Hapana. Kuleni pamoja, kaeni pamoja.

Naweza kupimwa kabla ya dalili?

Kwa waliovuta sana kwa miaka mingi, ndiyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa sitiskani ya mionzi midogo, ikifanywa kila mwaka, ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ikilinganishwa na eksirei.

Nimeshaambiwa ninayo. Kuacha sigara sasa kuna faida gani?

Kubwa. Kidonda cha upasuaji hupona vizuri zaidi, mionzi na dawa hufanya kazi vizuri zaidi, na pumzi huwa nyepesi. Mwambie daktari unavuta kiasi gani, akupe dawa za kukusaidia kuacha.