Ratiba ya Swala kwa Kompyuta: Msikiti Uwe na Ratiba ya Mahali Ulipo

Mfungaji wa Kasese akifuturu kwa adhana inayorushwa redioni kutoka Kampala, anatia tende mdomoni na kwake jua bado halijazama. Kasese iko magharibi ya Kampala kwa nyuzi (digrii) mbili na nusu za longitudo. Kila uzi mmoja ni dakika 4, kwa hiyo Magharibi ya Kasese huingia kama dakika 10 baadaye. Mbale ni kinyume chake: alfajiri ya huko huitangulia ya Kampala kwa dakika 6 hivi, na anayeendelea kula daku akisubiri redio anakula wakati umeshaingia. Kutoka Mbale hadi Kasese tofauti ni kama dakika 16. Saumu ya mtu imo ndani ya dakika hizo, naye hana habari, kwa sababu ratiba iliyobandikwa ukutani mwa msikiti wake imeandikwa tu "Uganda".

Kitengo chetu cha TEHAMA huombwa na kamati za misikiti kuwafungia programu ya ratiba. Mara nyingi mazungumzo huanzia kwenye skrini na spika, na hayo ni mepesi. Zipo programu zinazotolewa bure, kwa mfano Mawaqit iliyoanzishwa Ufaransa, ambayo huonyesha adhana na ikama kwenye televisheni ya msikiti. Kazi yenyewe imo katika mipangilio michache inayojazwa siku ya kwanza. Programu hutii chochote inachoambiwa. Ikijazwa vibaya, itakosea kila siku mwaka mzima huku namba zake zikionekana safi kabisa.

Anzeni na mahali. Msichague jina la mji kwenye orodha kama orodha ina Kampala peke yake. Chukueni simu, simameni uani msikitini, msome latitudo na longitudo kwenye ramani. Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko majirani wengi, maana ikweta inaikata nchi yetu. Kampala na Mbale ziko kaskazini yake. Masaka, Mbarara na Kabale ziko kusini, na latitudo ya kusini hutanguliwa na alama ya kutoa. Msikiti wa Kabale ukiisahau alama hiyo, mwezi wa Desemba programu itaadhini Magharibi kama dakika 4 kabla ya jua kuzama. Alama moja ndogo, na jamaa nzima imefuturu mapema.

Wengine hujaribu njia ya mkato: wanachukua ratiba ya Kampala na kujumlisha au kutoa dakika. Kwa Kasese, ambayo haiko mbali na ikweta, hesabu hiyo hukaribia ukweli. Arua inaikataa. Arua iko magharibi ya Kampala na pia iko kaskazini kwa karibu nyuzi 3, kwa hiyo jua lake la Juni huzama kama dakika 11 baada ya la Kampala, na la Desemba dakika 2 tu baadaye. Hakuna nyongeza moja inayofaa miezi yote. Iacheni programu ihesabu.

Kisanduku kingine kinachowaponza watu ni cha mwinuko. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu makini huijaza namba hiyo akiamini anaongeza usahihi. Programu inayotumia mwinuko humwelewa kwamba amesimama mita 1,200 juu ya nchi tambarare inayomzunguka, ikachelewesha Magharibi kwa karibu dakika 5 na kuwahisha kuchomoza kwa jua kwa kiasi hicho hicho. Ardhi inayotuzunguka nayo iko juu vilevile, basi wekeni sifuri. Na kwa ndugu walio chini ya Rwenzori: mlima kulificha jua si kuzama kwake. Anayetaka kuhakiki programu kwa macho atafute mahali palipo wazi upande wa magharibi.

Ukanda wa saa ni UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, mwaka mzima. Uganda haisogezi saa kwa msimu, kwa hiyo kipengele hicho kizimwe.

Sasa lile ambalo hubishaniwa sana. Wapo wanaoamini kwamba sisi wa ikweta nyakati zetu hazibadiliki, kwa hiyo ratiba ya mwezi mmoja yatosha mwaka. Urefu wa mchana wetu kweli haubadiliki sana. Lakini mchana huo wote huhama kwenye saa ya ukutani, kwa kuwa dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja na mhimili wake umeinama. Mjini Kampala jua hupinduka saa 6:33 mchana mwanzoni mwa Novemba, na saa 7:04 katikati ya Februari. Ni nusu saa nzima. Magharibi huhama pamoja nalo, kutoka saa 12:37 jioni hadi saa 1:08 usiku.

Fikirini Ijumaa. Msikiti uliozoea kuanza khutuba saa 7 kamili, ili wafanyakazi wawahi kurudi kazini, kuanzia katikati ya Januari hadi wiki ya pili ya Machi huwa umeianza kabla jua halijapinduka Kampala. Kasese katika Februari zawali, yaani kupinduka kwa jua, huwa saa 7:14. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa, wakati wa Ijumaa ni baada ya zawali, na adhana ya saa 6:45 katika miezi hiyo imetangulia wakati wake. Kamati isogeze khutuba hadi saa 7:15 au 7:30 kwa mwaka mzima, au iwe na nyakati mbili kwa misimu miwili na iwatangazie watu. Mimi naona wakati mmoja usiobadilika ni bora, kwa sababu mwajiri huuzoea.

Kisha kuna njia ya hesabu, na hapa fundi anyamaze, masheikhe waseme. Alfajiri na Isha huhesabiwa kwa nyuzi ambazo jua limeshuka chini ya upeo. Muslim World League hutumia 18 kwa Alfajiri na 17 kwa Isha, Misri 19.5 na 17.5, njia ya Amerika ya Kaskazini 15 na 15. Kwetu uzi mmoja ni dakika 4 na kidogo, kwa hiyo anayehama kutoka 18 kwenda 15 ameichelewesha Alfajiri kwa dakika 12 au 13. Njia ya Umm al-Qura ya Saudia huiweka Isha dakika 90 baada ya Magharibi. Giza letu huingia haraka: kwa nyuzi 17, Isha yetu huwa dakika 65 hadi 70 baada ya jua kuzama. Msikiti ukiichagua Umm al-Qura kwa mapenzi tu ya Makka, utaiadhini Isha dakika 20 na zaidi baada ya wakati kuingia. Kwa Alasiri programu huuliza kivuli kimoja au viwili, yaani kivuli kilichoongezeka tangu zawali kiwe sawa na urefu wa kitu au mara mbili yake. Shafi ni kimoja, Hanafi viwili, na tofauti yake hapa ni karibu saa nzima au zaidi. Mwulizeni kadhi wa wilaya au uongozi mnaoufuata, andikeni jibu kwenye kumbukumbu za kikao, ndipo fundi ajaze. Imamu mpya asiibadili kimyakimya kwenye simu yake.

Ikama ni uamuzi wa kamati, haitokani na hesabu ya jua. Kwa Magharibi tumieni dakika kadhaa baada ya adhana, kwa kuwa adhana yenyewe huhama. Adhuhuri yaweza kuwa na saa isiyobadilika, mradi iwe baada ya zawali ya Februari.

Jambo linalosahaulika ni saa yenyewe. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 haina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika kisha ukarudi wakati hakuna intaneti, huamka na saa isiyo sahihi na kuadhini kwa saa hiyo. Kifaa kidogo cha saa chenye betri huliondoa tatizo. Kiwekeni kwenye bajeti kabla ya skrini kubwa. Muadhini naye asiondolewe kazini. Aitazame saa ya simu yake kabla ya kila adhana, na akiona haziafikiani aizime mashine.

Chapisheni pia jedwali la mwaka mzima na kulibandika mlangoni. Nyakati za mwaka ujao hazitapishana na hizi kwa zaidi ya dakika moja hivi, kwa hiyo karatasi hiyo itadumu. Iandikeni kwa saa za Kiswahili, ambazo ndizo za Kiganda pia, kwani skrini ikionyesha 1:04 ya mchana kwa saa za Kizungu, mzee ataisoma saa moja.

Tarehe ya Hijria kwenye programu hutokana na kalenda ya hesabu, nayo yaweza kupishana siku moja na mwezi uliotangazwa hapa nchini. Tafuteni kipengele cha kuongeza au kupunguza siku, na nywila ishikwe na watu wawili wa kamati. Mwezi ukitangazwa, mmoja wao airekebishe usiku ule ule, kabla ya tarawehe.