Ngome ya Roxburgh: Walioikomboa Ndio Walioivunja

Kusini mwa Skotlandi, jirani na mji wa Kelso, mito ya Tweed na Teviot hukaribiana kabla ya kuungana. Kati yake pana kilima kirefu chembamba chenye nyasi na miti, na hapa na pale kipande cha ukuta. Asiyeambiwa hupita tu. Hapo ndipo iliposimama Ngome ya Roxburgh, mojawapo ya ngome kuu za wafalme wa Skotlandi katika Zama za Kati.

Wengi hudhani mvua na miaka ndivyo vilivyoimaliza. Sivyo. Ilivunjwa kwa makusudi, tena na Waskoti wenyewe.

Sababu ni mpaka. Roxburgh ilikuwa leo ya Waskoti, kesho ya Waingereza. Februari 1314, ikiwa mikononi mwa Waingereza, kamanda wa Kiskoti James Douglas na watu wake waliinyemelea gizani wakitambaa ndani ya majoho. Inasimuliwa kuwa walinzi walidhani ni ng'ombe. Walipoiteka, Mfalme Robert Bruce akaamuru ibomolewe, maana ngome nzima isiyo na askari wa kutosha ni zawadi kwa adui. Adui alirudi hata hivyo, akaijenga upya, na tangu 1346 akaishikilia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1460 Mfalme James II wa Skotlandi, mpenzi mkubwa wa mizinga, aliizingira. Mizinga mikubwa ya enzi hizo iliundwa kwa mapande marefu ya chuma yaliyobanwa kwa pete, kama pipa; kiungo kimoja kikilegea, baruti hutafuta njia yake. Tarehe 3 Agosti mzinga mmoja ulipasuka karibu na mfalme, ukamuua akiwa na miaka 29. Mjane wake, Mary wa Guelders, hakuruhusu jeshi lirudi nyuma. Siku chache baadaye ngome ilitekwa, ikabomolewa.

Hapa wageni hukosea: si kila tuta unaloliona kilimani ni la Zama za Kati. Katika miaka ya 1540 Waingereza walijenga boma jipya juu ya magofu, nalo likavunjwa kufuatia mkataba wa amani wa 1550.

Mji wa Roxburgh uliokuwa kando ya ngome, tajiri kwa biashara ya sufu, umefutika kabisa. Leo ni malisho. Hata hivyo wataalamu wanaweza kuufuatilia bila jembe. Hupitisha umeme kidogo ardhini na kupima: msingi wa mawe uliofukiwa huupinga kuliko udongo wenye unyevu, na vipimo vikipangwa kwenye ramani, mistari ya kuta na mitaa huanza kuonekana.

Ukienda, acha nyumbani kifaa cha kutafutia vyuma. Eneo linalindwa na sheria, na kukitumia bila kibali ni kosa la jinai. Sarafu iliyong'olewa mahali pake haiwezi tena kutueleza ilidondoka sakafuni mwa nyumba ipi, wala enzi za mfalme gani.